Salma hahitaji bundi

"Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mkoani Tanga. Nina miaka miwili naandika riwaya ya vijana wa miaka 11 hadi 15. Salma, binti wa darasa la sita, anaokota kigae kwenye magofu ya Tongoni, na tangu siku hiyo anajikuta ana nguvu za ajabu. Mswada niliupeleka kwa mchapishaji ukarudi na sentensi moja: 'Kitabu kinafundisha uchawi.' Rafiki yangu naye kausoma, anasema nimeiga vitabu vya Waingereza. Niache? Niandike kwa Kiingereza? Au ipo namna ya kuandika kwa Kiswahili hadithi ya mtoto wa kawaida anayekutana na maajabu, na mzazi asikitupe kitabu?"

Marahaba, mwalimu. Usiache, na Kiingereza usihamie. Kurasa 60 ulizoniletea nimezisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na penseli mkononi. Nakujibu kwa urefu kwa sababu miswada ya namna hii imepita mingi mezani kwangu, na karibu yote imekwama palepale ulipokwama wewe.

Nianze na rafiki yako. Amesema kweli, ila hakukuonyesha ni wapi. Salma umemvika ushungi, umemnywesha chai ya tangawizi, umempitisha njia ya Pangani, lakini mwenendo wake ni wa mtoto wa Uingereza. Fungua ukurasa wa 9. Ni usiku, Salma yuko dirishani, bundi anatua juu ya bati akiwa na barua mdomoni. Salma anatabasamu, anamkaribisha, anampapasa kichwa. Mwalimu, wewe ni mtu wa Tanga. Bundi akilia juu ya bati la nyumba ya watu, nani anatabasamu? Bibi yake angetoka na kijinga cha moto amfukuze, na kulipokucha wangeulizana nani kati ya jamaa anaumwa. Kwa Waingereza bundi ni ndege wa hekima, anaweza kupeleka barua na asimtishe mtu. Kwetu analeta habari nyingine. Ukimwingiza bundi kwenye hadithi ya Kiswahili, ameingia na nuksi yake yote. Ama uitumie nuksi hiyo, ama umwache bundi aende zake.

Kumvisha mtoto wa kigeni nguo zetu ni jambo la zamani. Mwaka 1940 ilipotoka tafsiri ya Kiswahili ya kisa cha yule binti aliyetumbukia katika shimo la sungura, ikiitwa "Elisi Katika Nchi ya Ajabu", picha zake zilimwonyesha Elisi kama binti wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis akakitafsiri upya. Mtafsiri ana ruhusa hiyo, kwa sababu kisa si chake, anakisafirisha. Wewe hutafsiri. Wewe Salma ni wako tangu unyayo hadi utosi, na huna sababu ya kumwazimia mwendo.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, ukilishika, mengine yote yatajipanga.

Vitabu vya Kiingereza vya aina hii vina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1902 Edith Nesbit alichapisha kisa cha ndugu watano wanaochimba mchanga kwenye shimo la kokoto huko Kent, wakafukua kiumbe kizee chenye manyoya kinachotimiza ombi moja kila siku. Mwaka 1950 C. S. Lewis aliwapitisha ndugu wanne ndani ya kabati la nguo wakatokea kwenye nchi yenye theluji. Mwaka 1997 ikafika zamu ya Harry Potter, yule yatima wa chumba cha chini ya ngazi. Vyote hivi vinategemea msingi mmoja. Msomaji wake amelelewa na watu wazima waliomwambia kwamba mambo hayo hayapo. Polisi yupo, treni ipo, chai ya saa kumi ipo, maajabu hayapo. Kwa hiyo nusu ya utamu wa kitabu ni ule mshtuko wa kugundua: kumbe yapo!

Msomaji wa Salma hajaambiwa hivyo na mtu yeyote. Amezaliwa akavishwa hirizi mkononi, au ameona mdogo wake akivishwa. Jua likikaribia kuzama anaitwa aingie ndani, haambiwi kwa nini, na anajua kwa nini. Ule mbuyu wa nyuma ya shule ana habari zake. Akiwa Mwislamu, anajua Kurani ina sura nzima ya majini, sura ya 72. Akiwa Mkristo, huenda Jumapili iliyopita ameona kwa macho yake mtu akiombewa pepo limtoke. Mtoto huyu ukimwambia kwa kurasa 30 kwamba kuna mambo yasiyoonekana, atakutazama akisubiri hadithi ianze.

Mshtuko wake uko kwingine. Mambo hayo siku zote ni ya watu wengine: mzee fulani, nyumba fulani, kijiji cha upande wa pili. Siku atakapoyakuta kwenye kiganja chake mwenyewe, hapo ndipo atakapokosa usingizi. Mtoto wa Nesbit anasema "kumbe yapo". Mtoto wako anasema "kumbe ni mimi".

Na anayesema "kumbe ni mimi" hafurahi kwanza. Kwanza anaogopa, halafu anaona haya, halafu anaficha. Anajua majirani wanamwitaje mtu mwenye mambo, na anajua watu hao hufanywa nini. Salma wako ukurasa wa 12 anaruka juu ya minazi akicheka. Mrudishe chini. Mpe usiku mmoja wa kulala na ngumi imekunjwa chini ya mto, akiomba asubuhi ikute kipawa kimeondoka.

Hapa nikupe mwandishi mmoja wa kumsoma, si wa kumwiga. Nnedi Okorafor, mwenye asili ya Nigeria, mwaka 2011 alitoa kitabu "Akata Witch". Nigeria kilitoka kwa jina jingine, "What Sunny Saw in the Flames". Sunny ana miaka 12, kazaliwa New York, anakaa mji wa Aba, na ana ualbino. Hakuna mtu Aba anayehitaji kuthibitishiwa kwamba kuna nguvu za siri. Wanaziogopa, wananong'onezana, mama mtu hataki hata jina la marehemu bibi litajwe. Uzito wa kitabu uko hapo: bibi alikuwa nani, na mimi je? Okorafor amefanya jambo jingine lililonigusa. Katika ulimwengu wake, kile ambacho jamii inakiita dosari ya mtoto ndicho chimbuko la kipawa chake. Na mtu akijifunza jambo jipya, vipande vya metali vinadondoka kutoka hewani miguuni pake kama malipo, vya shaba vikiwa na thamani kuliko vyote. Anayepigana halipwi. Analipwa anayejifunza. Mwalimu mwenzangu, kanuni hiyo moja inamweleza mtoto elimu ni nini bila mtu yeyote kusimama kuhutubia.

Nimemtaja Sunny kwa sababu nyingine pia, na hii ni nzito. Mchapishaji aliyekurudishia mswada alikuandikia sentensi moja tu, jambo ambalo si uungwana kwa kazi ya miaka miwili, lakini hofu yake usiidharau. Nchini kwetu watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu kuna watu waliaminishwa kwamba viungo hivyo vinaleta utajiri. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli chonganishi kwa ajili ya damu hiyo. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa kinyesi cha ng'ombe miaka yote waliyopikia watoto wao. Kilifi, Kenya, wazee wameuawa na watu wa ukoo wao wenyewe kwa tuhuma hizo hizo. Tanganyika iliandikiwa sheria ya uchawi mwaka 1928, Kenya mwaka 1925, na sheria zote mbili zimeishi kuliko walioziandika. Mwingereza anapoandika mchawi mwenye pua ndefu anachezea kitu ambacho kwao kimezikwa zamani. Sisi hatujakizika.

Sasa rudi ukurasa wa 23. Adui wa kwanza wa Salma ni ajuza anayekaa peke yake mwisho wa kijiji, "macho mekundu kama makaa". Najua hukukusudia. Umeiandika kwa sababu ndivyo ngano zilivyotufundisha kuandika ajuza. Lakini kuna mtoto atakayesoma ukurasa huo ambaye bibi yake ana macho hayo hayo. Mstari huo uondoe leo. Au, na hili ndilo ningelifanya mimi, uuache, umfanye Salma ndiye anayemwogopa ajuza huyo kama wanavyomwogopa wengine, mpaka siku atakapoingia jikoni kwake, moshi umchome, atoke akijifuta, ajione kwenye maji ya ndoo. Macho mekundu. Hutahitaji kueleza neno.

Nimefika kwenye neno lenyewe, uchawi. Wewe ni mwalimu wa lugha, kwa hiyo nitakusema kidogo. Katika kurasa 60 neno hili umelitumia kwa kila kitu: kipawa cha Salma ni uchawi, dawa ya babu ni uchawi, hila za adui ni uchawi, hata upinde wa mvua umeuita wa kichawi. Kwa Kiswahili, uchawi kazi yake ni moja, kudhuru, na wakati wake ni usiku. Hakuna uchawi mwema. Ukisema "mchawi mwema" msomaji anasikia "mwizi mwaminifu". Mchapishaji amesoma neno ulilomwandikia akalichukua kwa maana yake. Hapo kosa ni lako.

Na lugha yetu hapa haina upungufu, ina ghala. Uganga ni wa tiba, ingawa nao una wenye nia mbili. Kiinimacho na mazingaombwe ni ya yule bwana anayekuja shuleni kutoa sarafu masikioni mwa watoto: kila mtu anajua ni hila na anapiga makofi. Miujiza ni ya manabii, iache huko. Karama mtu anapewa, hajitafutii. Sihiri ina harufu ya vitabu vya kale. Fingo limezikwa mlangoni, kago limewekwa kulinda, zindiko limefanyiwa mtu au mji. Na kuna neno ninalolipenda kuliko yote, mizungu: mambo ya ajabu, na pia mafunzo ya siri wanayopewa wanawari unyagoni. Binti wa miaka 12 anayejifunza jambo ambalo wakubwa wanalijua na hawalisemi hadharani! Sikwambii uliandikie Salma hilo, maana unyago una heshima zake na wenyewe wapo. Nakwambia pekua ghala kabla ya kwenda kukopa.

Kwa kipawa cha Salma ningetafuta jina dogo la nyumbani, ambalo familia yake tu ndiyo inalitumia. Neno uchawi waachie majirani. Litoke midomoni mwao mara moja tu, katikati ya kitabu, kama jiwe lililorushwa, na Salma alisikie akiwa nyuma ya mlango.

Baada ya jina, mipaka. Salma anapaa, anaongea na samaki, anatoweka, anasimamisha wakati, anaponya. Nimehesabu uwezo wa aina saba kabla ya ukurasa wa 40. Mtoto anayeweza yote hana hadithi, kwa kuwa hakuna mlango utakaomfungia. Tazama Nesbit alivyofanya. Kiumbe chake kinatoa chochote unachoomba, lakini jua likizama kinaisha. Basi. Siku ya kwanza watoto wanaomba wawe wazuri wa sura. Wanakuwa wazuri kweli, wanarudi nyumbani, mdogo wao mchanga hawatambui na anawalilia, yaya anawafungia mlango, wanashinda na njaa hadi magharibi wakingoja sura zao za zamani zirudi. Siku nyingine wanaomba dhahabu. Shimo linajaa sarafu, lakini ni za kizamani na hakuna muuza duka anayezitaka, wanaishia kwa polisi wakidhaniwa wezi, na jua linapozama mifuko ni mitupu. Hakuna mfalme wa giza, hakuna vita. Kuna watoto wenye njaa na mlango uliofungwa, na mpaka leo kitabu kinasomwa.

Au mtazame Ursula K. Le Guin, aliyekuwa ameandika shule ya kisiwani ya kufundishia wenye vipawa mwaka 1968, miaka karibu 30 kabla ya ile unayoifikiria wewe. Shujaa wake ana ngozi ya kahawia nyekundu na anachunga mbuzi mlimani. Siku moja anamsikia shangazi yake akimwita mbuzi aliyepanda juu ya paa, kwa maneno asiyoyajua, na mbuzi anaruka chini. Kesho yake anawajaribia mbuzi maneno hayo. Wanakuja. Wote, kimya, wamemkodolea macho ya njano. Anacheka, anasema tena. Wanazidi kusogea, pembe zinamgusa mbavu, wanambana. Anataka kuwaacha lakini neno la kuwaachia hana. Anakimbilia kijijini, kundi zima limemgandia kama limefungwa kamba moja, watu wanatoka nje, wengine wanacheka na wengine wanalaani, na yeye katikati analia. Ukurasa mmoja tu, na mna furaha, kiburi, hofu na aibu, na mna sheria ya kitabu chote: kuita ni rahisi kuliko kuachilia.

Salma naye apewe kitu kimoja. Kigae chako ni kizuri, tukifanyie kazi. Ila usimruhusu akitoe magofuni. Mambo ya kale ya Tongoni yanalindwa na sheria ya mwaka 1964, na hatutaki wasomaji wako waende na mifuko. Akiokote ufukweni, maji yakiwa yametoka, pale wanawake wanapookota chaza. Kisha mpe uwezo huu: akishika chombo kilichovunjika, anasikia neno la mwisho lililosemwa karibu yake kabla hakijavunjika. Neno moja tu. Na malipo yake yawe hivi: kila neno analosikia, moja lake linaondoka. Linaanza neno dogo. Nimejaribu kukuandikia, unisamehe, mhariri akishika kalamu ya mwenziwe huwa vigumu kuiachia:

Mama akasema, "Salma, niletee kawa." Salma akanyanyuka. Alipofika mlangoni pa jiko akasimama. Aliona sufuria, mwiko, mbuzi ya kukunia nazi, ungo. Aliona na ile duara ya ukindu, nyekundu na zambarau, iliyotundikwa ukutani. Alikuwa akifunikia wali kwa duara hiyo tangu alipoweza kufika mezani. "Salma! Kawa!" Akachukua ungo.

Mama hatafikiri maajabu. Atafikiri mtoto ana usingizi, au jeuri, atamkaripia. Msomaji peke yake ndiye atakayejua kilichotokea, na atahesabu pamoja na Salma ni maneno mangapi yamebaki kabla ya kufika kwenye majina ya watu. Kila kigae sasa kina swali: nisikie, au nisisikie? Hilo swali litakubebea kitabu kizima. Tena ni kitabu ambacho hakiandikiki vizuri kwa lugha nyingine, kwa sababu maneno yanayompotea ni maneno yetu. Ndiyo maana nimekwambia usihamie Kiingereza.

Adui wako, Mfalme wa Giza mwenye joho jeusi, sina haja naye. Nimekutana naye katika miswada mingi mno na hajawahi kunitisha. Nenda ukasome kisa cha nunda kilichomo katika ngano za Unguja alizochapisha Edward Steere, London, mwaka 1870. Nunda mla watu alianza akiwa paka. Paka wa sultani. Alipokamata ndama, watu wakashtaki, sultani akasema paka ni wangu na ndama ni wangu. Akakamata mbuzi, jibu likawa lile lile. Akapanda hivyo hivyo mpaka akafika kwa watoto wa sultani mwenyewe. Kinachonitisha katika kisa hicho ni lile jibu la sultani, kila mara, kwa utulivu, huku jambo likikua. Mtafutie Salma adui wa namna hiyo, aliyelelewa ndani, ambaye kila mtu alimwona akiwa mdogo akanyamaza.

Katika kisa hicho hicho utamkuta na babu yake Salma wa kweli. Ni mtoto wa saba, ambaye George Bateman, katika ngano za Zanzibar alizotoa mwaka 1901, anamwita Mkaa Jikoni. Baba yake hamhesabu kitu. Ndugu zake wote wamelinda mtende wa tende usiku wakasinzia, tende zikaliwa. Yeye anakwenda na bisi na mchanga. Anatafuna bisi, na usingizi ukija anatia mchanga mdomoni, unamkera, anakesha. Yule mtoto hana fimbo ya miujiza, ana mchanga kinywani. Baadaye anakwenda kumtafuta nunda, na hamjui anafananaje. Kila mnyama anayemuua anamleta nyumbani akidhani ndiye, anaambiwa siye, anarudi porini. Sijui mfano bora zaidi wa mtoto wa kawaida.

Jambo jingine linalowatatiza waandishi wetu ni namna ya kumpata mtoto peke yake. Vitabu vya wenzetu huwaondoa wazazi: wamekufa, wapo safarini, vita vimewatenganisha, au mtoto yuko bweni. Wewe umemuua mama yake Salma ukurasa wa 2 na baba ukurasa wa 3, halafu ukasahau kwamba kuna shangazi, mama mdogo, bibi wa pande zote mbili na mtaa mzima. Mtoto wa Pwani hapewi upweke na msiba. Siku ya msiba ndiyo siku ambayo nyumba inajaa. Wafufue wazazi, unawahitaji jikoni. Mtoto wetu ana mlango wake mwingine wa kutokea, na mlango huo ni kutumwa. "Nenda kanunue kibiriti." "Mpelekee bibi yako sahani hii, usikae." Kati ya mlango wa nyumbani na duka, kwa dakika ishirini, yuko peke yake duniani na sarafu mkononi, na akichelewa ataulizwa. Hapo ndipo mambo yamtokee. Faida yake ni kwamba kila tukio linakuja na saa yake: kibiriti kinangojwa, adhana ya magharibi inakaribia, na uongo wa kumweleza mama lazima utungwe njiani.

Kuhusu maneno ya kuita nguvu, yale ya Kilatini cha kubuni yafute, na hata yale ya Kiarabu cha kubuni, kwani msomaji mwenye chuo ataona unachezea dini yake. Watoto wa Pwani wana lugha yao ya siri tayari, kinyume. Silabi ya mwisho inatangulia mbele: nyumba inakuwa mbanyu, kitabu kinakuwa bukita. Wanaiongea mbele ya wakubwa, wakubwa wakijifanya hawasikii ingawa nao walikuwa watoto. Salma akipoteza neno kwa njia ya kawaida, je, kwa kinyume linabaki? Sijui, kitabu ni chako, lakini mimi ningependa kulijua jibu hilo kiasi cha kununua kitabu.

Umeniuliza kuhusu mzazi. Mzazi anayefungua kitabu dukani anatazama mambo machache: jina, picha ya jalada, mstari wa nyuma. Neno uchawi lisiwepo hata mahali pamoja. Fuvu na mwezi mwandamo visiwepo jaladani, iwepo kawa. Ndani, majini ukiwataja wataje kwa adabu, kama mtu anayetaja jirani anayeweza kuwa anasikia, kwa sababu kwa wasomaji wako wengi wao si watu wa hadithi. Na kabla hujaupeleka mswada popote, wasomee sura ya kwanza kina mama watatu wenye imani tofauti, kwa sauti, bila kuwaeleza chochote. Watakapokatisha kukuuliza, weka alama. Mimi nimejifunza zaidi kwa kina mama waliokuwa wakichambua mchele huku wakinisikiliza kuliko kwa ripoti za wasomaji rasmi.

Ukurasa wa 47 nimeuweka uwe wa mwisho makusudi. Pale kuna aya moja fupi, mistari mitano. Unasema bibi yake Salma ana kikombe chenye ufa ndani ya kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni, na hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Halafu unaliacha kabati, unarudi kwenye mapigano ya angani. Nilipofika hapo niliweka penseli chini. Bibi anafahamu nini? Kikombe kina ufa lakini hakijavunjika, kwa hiyo neno lililo karibu yake halijawa la mwisho. Kwa nini anakilinda kisivunjike? Na yeye mwenyewe, bibi, huwa anasahau maneno gani?

Mapigano yakate, mwanangu. Anza na kabati hilo, kisha niletee sura tatu.